Batani Nyeupe Juu ya Majoho Meupe

Nikiri mapema kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ndiye yule mtu wanayemsema pale sokoni Kibondo, yule aliyekwenda kumposea mdogo wake halafu simu ikamtangulia kusema. Kuna wanaohadithia kwamba nilikuwa nimelewa (sinywi, na mke wangu ni shahidi), na kuna mmoja anaapa kwamba nilifukuzwa na mbwa, wakati boma lile mbwa hawana. Kwa hiyo bora niwape mwenyewe jinsi ilivyokuwa, mcheke mara moja, mkimaliza mniletee nguo nishone.

Kazi yangu ni ushonaji, nina cherehani mbili kwenye kibanda karibu na stendi, na Jumapili naimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu. Mwaka huu kwaya ilirekodi wimbo wake wa kwanza, na majoho tuliyovaa siku ya kupigwa picha niliyashona mimi mwenyewe, ishirini na mawili, meupe pee, sikukubali hata ukosi uwe na rangi. Tulipangwa mistari miwili mbele ya kanisa, na ukiitazama picha ile, vichwa vyetu viko huko juu vidogo vidogo, chini kote ni weupe mtupu. Wimbo ulipotumwa kwenye simu zetu ulikuja na picha hiyo hiyo, hivyo ukiupiga na simu ikajifunga yenyewe, kioo kizima kinajaa majoho yangu, na mimi naona fahari, naacha simu juu ya cherehani makusudi ili wateja waone.

Sasa shida iko hapa. Simu yangu ikishajifunga, zile batani za muziki, ya kusimamisha katikati na mbili za pembeni za kwenda mbele na kurudi nyuma, huwa zinakaa juu ya picha hiyo, upande wa chini, nyembamba kama uzi, na rangi yake ni nyeupe. Nyeupe juu ya nyeupe. Ukiwa ndani ya nyumba unaweza kubahatisha, lakini ukitoka nje juani huoni batani wala alama yake, unaona majoho. Mke wangu, Mama Sifa, aliligundua siku ya kwanza akasema, "Baba Sifa, ondoa hii picha, hata kuzima wimbo unapapasa." Nikamjibu nitaiondoa. Sikuiondoa.

Tuje kwenye posa. Mdogo wangu Fanueli, fundi wa umeme wa sola, alimpata msichana Kasulu anaitwa Devota, mwalimu wa chekechea, mtaratibu, mimi mwenyewe nilipomwona nilimwambia Fanueli asichelewe. Sisi asili yetu ni Burundi, wazazi walivuka wakiwa vijana, sisi tumezaliwa huku na ni raia, karatasi zipo. Kwao Devota ni Waha wa Kasulu tangu mababu. Lugha hazipishani sana, dini ni moja, wala hakuna aliyetusema vibaya. Ila baba yake Devota, Mzee Ntabaye, alikuwa na kidonda chake. Binti yake mkubwa, Yusta, aliolewa na kijana wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, na kambi ilipofungwa kijana akarudi kwao Burundi na mke wake, na tangu siku hiyo mzee hajamtia machoni mwanawe. Simu inaingia mara moja moja, tena inakatika. Sasa fikiria mtu kama huyo anaambiwa kuna mwanaume mwingine, na huyo naye ana ndugu ng'ambo ya mpaka.

Tulikwenda mara ya kwanza na msemaji wetu akiwa Baba Mdogo Simeoni, mzee wa ukoo aliyebaki. Upande wa pili wakauliza swali moja tu: mtoto wetu ataishi wapi? Baba Mdogo, ambaye maneno yake huwa yanatoka kabla hajayaangalia, akajibu, "Ataishi na mumewe, kwani wa wengine wanaishi na nani?" Tulirudishwa siku hiyo hiyo na kreti zetu za soda hazijafunguliwa. Fanueli alikonda mpaka suruali nilizomshonea mwenyewe nikawa nazipunguza kiuno. Baada ya miezi kadhaa wakatuma neno kwamba tunaweza kuja mara moja tena, na kama jibu ni lile lile tusipoteze mafuta ya gari. Ukoo ukakaa, ukasema safari hii aende Fundi, ana ulimi mlaini. Fundi ni mimi.

Kwetu msemaji hasomi. Maneno ya kufata irembo (ndivyo wazazi wetu wanavyoita kwenda kubisha hodi kwenye boma la watu kuomba binti) yanatakiwa yatoke kichwani kana kwamba yamekujia pale pale kwa uzuri wa boma unaloliona, na msemaji akichomoa karatasi mfukoni ameshaharibu. Na baba wa binti naye hasemi kitu. Anakaa pembeni, anatazama kwingine, kila kitu kinapita kwa msemaji wake. Mimi ulimi ninao lakini kichwa hakishiki, nasahau hata vipimo vya wateja nisipoviandika. Basi wiki mbili kabla ya safari nikajirekodi kwenye simu nikiwa jikoni, Mama Sifa anasonga ugali na kujifanya ndiye upande wa binti, mimi nanguruma. Nilipomaliza hotuba nikaiweka simu juu ya kinu tukaendelea kuongea mambo yetu, na kurekodi sikuzima mpaka baadaye kabisa. Nikawa naisikiliza kila siku nikikanyaga cherehani, lakini mwanzo tu, ile sehemu ya hotuba. Mwisho wake sikuwahi kuufikia. Kesho yake ndipo wimbo wa kwaya ukatumwa, na kwenye simu yangu sauti zote zinakaa chungu kimoja, nyimbo, mahubiri, rekodi za jikoni, zimepangana, iliyoingia mwisho ndiyo ya kwanza. Ukitoka kwenye wimbo wa kwaya ukaenda mbele, unakutana na mimi.

Jumamosi tukaondoka Kibondo alfajiri na Noah ya kukodi. Tulipokaribia Kasulu Baba Mdogo Simeoni akasema simu zote zibaki garini, watu wasije wakadhani tumekuja kuzungumza na watu wengine. Kila mtu akatoa yake. Mimi nikajifanya natafuta leso. Nilitaka nikifika niombe kwenda msalani nisikilize mwanzo wa hotuba mara ya mwisho, basi, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu yote, na hilo ndilo kosa lenyewe. Mengine yote yalijiongoza.

Tulipokelewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Wazee wa kule wanasalimia kwa mikono, unainama kidogo, unapiga makofi polepole, "Mwakeye, mwakeye," unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, na hakuna kukatisha. Nikafika kwa Mzee Ntabaye, mtu mrefu, mkimya, kofia pana ya ukindu, nikamaliza salamu, halafu nikageuka nikatazama shamba lake nyuma ya nyumba nikasema, "Mzee, migomba kama hii sijaiona hata nikizunguka Buhigwe yote." Akatabasamu. Nikaona mambo yameanza vizuri.

Wakatukalisha chini ya turubai, mimi kwenye kiti cha ukingoni ambako jua lilikuwa linaingia, wakaleta juisi ya ndizi na maandazi ya moto yanayotiririka mafuta. Msemaji wao alikuwa Mwalimu Bosco, mwalimu mstaafu, mdogo wake mzee. Akasema, kwa upole tu, "Tumesikia kwaya yenu imetoa wimbo. Tuwekeeni tusikie wakati wazee wanajikusanya, sabufa ipo ndani." Baba Mdogo Simeoni akajibu kwamba tunasikitika, simu zote tumeziacha garini.

"Mimi ninayo," nikasema.

Baba Mdogo akanigeukia. Nilijua hilo jicho nitalilipia. Lakini mnielewe, wimbo wenyewe ni wetu, majoho niliyashona mimi, na watu wameuomba kwa heshima. Nikaunganisha simu na sabufa iliyokuwa sebuleni, nikapiga, na kweli uliwaingia. Kina mama wakapiga vigelegele, mguu wa Mzee Ntabaye ukawa unafuata mdundo, Fanueli akanitazama kama vile nimeshamletea mke mkononi. Nikaweka simu mapajani, ikajifunga yenyewe, nikaendelea na maandazi.

Wimbo uko katikati, Mwalimu Bosco akasimama. Msemaji akisimama kila kitu kinanyamaza, ndivyo ilivyo. Watu wakanyamaza, watoto wakanyamazishwa, kwaya ya Kibondo ikaendelea kuimba peke yake kwa sauti ya sabufa. Nikachukua simu nisimamishe. Jua limepiga kioo sawasawa. Naona majoho. Nikaweka kidole gumba pale simu inaposoma alama za vidole, simu ikakataa, kidole kimeloa mafuta ya maandazi. Nikajifuta kwenye suruali, ikakataa tena. Mwalimu Bosco amesimama ananisubiri, anatabasamu yale matabasamu ya walimu. Nikasema moyoni, batani ya kusimamisha iko katikati chini, siyo jambo la kuona, ni jambo la kukumbuka. Nikabonyeza katikati ya majoho.

Haikuwa katikati. Kwaya ikakatika, nikashusha pumzi, halafu kutoka dirishani ikatoka sauti yangu, kubwa, yenye besi, inasema, "Wazee wetu, tulikuwa tunapita zetu njiani, hatukuwa na nia ya kusimama, lakini uzuri wa boma hili umetuvuta wenyewe."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimepanga yanijie pale pale.

Wale waliokuwa wanajua desturi wakaanza kutazamana. Mama mmoja akaficha mdomo na kanga. Mimi nikaanza kubonyeza kokote kulikokuwa na weupe. Nikashika batani ya pembeni ya simu nipunguze sauti, kumbe nimeishika simu juu chini, sauti ikapanda, nikawa nanguruma mpaka barabarani. Nikajaribu kuchora ule mchoro wa kufungulia simu, haraka haraka, nikakosea, nikakosea, nikakosea, mpaka simu ikaniandikia kwamba nijaribu tena baada ya sekunde thelathini. Hilo niliweza kulisoma vizuri sana, maana maandishi yake yalikuwa meusi. Fanueli alikuwa ananong'ona, "Kaka, zima bluetooth, zima bluetooth," nami nataka kumwambia kwamba ningekuwa naweza kuzima bluetooth ningekuwa nimeshazima wimbo. Nikapapasa tena pale chini, kidole kikateleza juu ya ule mstari unaoonyesha wimbo umefika wapi (nao ni mweupe, usiulize), na rekodi ikaruka kutoka kwenye hotuba ikaangukia jikoni.

Ukasikika mwiko unakwangua sufuria. Sauti ya Mama Sifa ikasema, "Haya, na wakiuliza tena ataishi wapi?"

Na mimi nikajibu, kwa raha zangu zote, "Hilo silijibu. Nitalizungusha. Yule mzee nimeambiwa hana kitu anachokipenda kama migomba yake, nitaisifia mpaka asahau alichouliza. Sikiliza: 'Mzee, migomba kama hii sijaiona hata nikizunguka Buhigwe yote.'" Mama Sifa akacheka. Mimi pia nikacheka, kicheko kirefu, sijui kwa nini jikoni nacheka hivyo.

Fanueli alikwishaingia ndani mbio akachomoa waya wa sabufa ukutani, na simu ilipokosa sabufa ikanyamaza yenyewe.

Nimewahi kukata kitambaa cha bibi harusi upande usio wake, siku mbili kabla ya harusi, nikadhani hiyo ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Haikuwa. Chini ya lile turubai nilisikia aibu mpaka kwenye kucha. Baba Mdogo Simeoni aliinamisha uso akawa anasoma ardhi. Mwalimu Bosco bado amesimama, tabasamu limebaki mdomoni kwa sababu hakujua aliondoe vipi. Na kilichoniuma kuliko kuchekwa ni kwamba hakuna aliyecheka. Nilimtazama Fanueli pale mlangoni, waya wa sabufa mkononi, nikajua nimemwozesha mdogo wangu ule waya, maana mke ndio nimeshampotezea.

Ndipo Mzee Ntabaye, ambaye siku hiyo hakutakiwa kusema hata neno, akasema, "Rudisha."

Nikajifanya sijasikia.

"Fundi. Nimesema rudisha hicho kitu. Nataka nisikie mpaka mwisho."

Mwalimu Bosco akaanza, "Kaka, desturi," mzee akamnyanyulia mkono tu, akabeba kiti chake mwenyewe, akakileta mpaka mbele yangu, tukawa tumekaa magoti yanagusana. Nikamwambia, na sauti yangu sasa haikuwa na besi yoyote, "Mzee, hata nikitaka kuirudisha, batani siioni." Akanitazama kuona kama ni uongo mwingine. Nikamwonyesha kioo. Akakitazama, akakisogeza, akakirudisha, akasema, "Hapa kuna kanzu tu."

"Ndiyo, mzee. Ni majoho. Nilishona mwenyewe."

Akavua kofia yake, akaifunika juu ya simu kuzuia jua, tukaingiza vichwa wote wawili humo chini kama watu wanaopuliza moto, na hapo kwenye kivuli batani zikatokea, tatu, hafifu. Akaweka kidole chake kwenye ya katikati, taratibu, akabonyeza. Sasa sauti ilikuwa inatoka kwenye simu yenyewe, ndogo, lakini watu walikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia.

"Utamdanganya mzee wa watu," Mama Sifa alikuwa anasema.

"Sasa nimwambie nini, ukweli?"

"Ukweli upi?"

"Kwamba mama yetu alirudi kule, macho hayaoni tena, na Fanueli ndiye anayekwenda kumwangalia. Mama akizidiwa atakwenda kukaa naye. Mwezi, mwaka, mwenyewe hajui. Nikiyasema hayo wanatufungia irembo hapo hapo." Hapo mwiko ulikwangua tena. "Halafu unajua, yule mzee mimi namwonea huruma. Ingekuwa ni Sifa wangu kavushwa mpaka, simwoni tena, halafu aje mwingine kumwomba mdogo wake, mimi sijui kama ningempa hata kiti."

Baada ya hapo palikuwa na ugali, ugali, mlango, na rekodi ikaisha.

Mzee Ntabaye akatoa kichwa chini ya kofia yake. Kisha akaivaa, akakaa wima, na wala hakunigeukia mimi. Akamwita Fanueli.

"Mama yako haoni?"

"Haoni, mzee."

"Umekwenda kwake mara ngapi?"

"Mara nne tangu arudi."

"Na zote umerudi."

"Ego, mzee," akaitikia. "Zote."

"Na ukiwa na mke?"

Fanueli bado alikuwa na ule waya. Akasema, "Mama akizidiwa lazima niende, siwezi kukuahidi kwamba sitakwenda. Devota akitaka tutakwenda wote, nitakuja kukuaga hapa kwanza, na nitamrudisha umwone. Asipotaka atanisubiri Kibondo. Hayo ndiyo ninayoweza kuyasema." Hayakuwa maneno mazuri. Hayakuwa na boma linalong'aa wala wapita njia. Mimi ningeyapanga vizuri zaidi, na ningeyaharibu.

Mzee akaita tena, safari hii kuelekea nyumbani. Devota akatokea mlangoni, kitenge kipya, macho chini.

"Umesikia hayo ya mama yake?"

"Nilikuwa nayajua, baba. Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza," mzee akarudia. Akatuangalia sote, mmoja mmoja, upande wao na upande wetu. "Kwa hiyo niliyekuwa napewa migomba ni mimi peke yangu."

Hapo ndipo watu walipocheka. Alianza yule mama wa kanga, akafuata Mwalimu Bosco, ambaye alikaa chini kabisa akajifuta macho, mpaka Baba Mdogo Simeoni nilimwona mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja jibu, maana kicheko cha watu siyo ruhusa, nimeshawahi kuchekewa na mteja akanirudishia suti.

Mzee Ntabaye akangoja waishe. Akasema, "Kreti za soda zishusheni." Fanueli alielewa kabla yangu, akaenda garini nusu anakimbia. "Mtakuja tena mwezi ujao tuzungumze yanayobaki," mzee akaendelea, "na msije na msemaji. Aje kijana mwenyewe na huyu mzee." Akimaanisha Baba Mdogo Simeoni, yule yule wa mara ya kwanza. Mimi sikutajwa.

Na hivyo ndivyo nilivyofukuzwa kazi ya usemaji siku ile ile niliyoianza. Mwezi uliofuata walikwenda, nikabaki kibandani nashona sare za shule. Siku ya harusi ukoo ulinipa kazi ya kusimamia viti, na kijana wa kukodisha muziki alipoona nakaribia meza yake akavuta simu zake karibu, nadhani alikuwa amesimuliwa. Picha ya majoho nimeiondoa. Sasa wimbo wa kwaya unakuja na picha ya ukuta mweusi, haupendezi, lakini kila batani naiona hata saa sita mchana. Na rekodi ile nimeifuta, ingawa Fanueli alinibembeleza nimwachie, eti awaonyeshe watoto wake.

Kuna kimoja tu ambacho watu wa sokoni hawakisimulii kwa sababu hawakijui. Tulipokuwa tunaondoka wenyeji walitusindikiza mpaka kwenye gari, na Mzee Ntabaye akanishika mkono, akanibakiza nyuma ya wenzangu. Nilidhani sasa ndiyo naambiwa yangu. Nikaanza kuomba radhi ya migomba, akaitupilia mbali, akauliza kwa sauti ya chini, "Pale uliposema kuhusu mwanao. Kwamba angevushwa mpaka. Mke wako alikujibu nini? Mimi nimesikia ugali tu."

Ningeweza kumtungia kitu. Ulimi ninao, na kilikuwa kimeshanifika mdomoni, kizuri, cha kumfariji.

"Hakujibu, mzee," nikasema. "Aligeuza ugali."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuwa anakijua. Akasema, "Mama Yusta naye ni hivyo hivyo. Ukimtaja yule mtoto, anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono." Kisha akaniachia, akaniambia nimsalimie Mama Sifa, akarudi ndani.

Nilipofika Kibondo nilimfikishia Mama Sifa salamu na nikamweleza kila kitu, pamoja na hilo. Tangu hapo nikianza kumpangia mtu maneno jikoni, kwanza najiuliza kama ningeweza kuyasema nikiwa nimekaa naye magoti yanagusana. Mengi siyasemi. Wateja wamegundua, wananiambia Fundi siku hizi umekuwa mkimya, na mimi nawaambia nahesabu vipimo.